KICHWA CHA MTU SI DAFTARI!
Kabla hujajiita fundi wa saluni, soma hapa kwanza

Leo naomba tuyaache kidogo mambo ya nani kaachwa na nani kaolewa, tuingie saluni. Lakini hatuingii kama wateja wa kukaa chini ya draya na kusoma magazeti ya wenzetu. Tunaingia kwa mlango wa nyuma, anakopita yule binti mwenye ufagio, anayekusanya nywele sakafuni huku akiota kwamba ipo siku na yeye atakuwa na kiti chake, kioo chake na wateja wake wa kumwulizia kwa jina.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu ya neno moja dogo: "hata". Mtoto wa kike akimaliza kidato cha nne na matokeo yakaja yamevaa kandambili, utasikia nyumbani, "Si ujifunze hata saluni?" Wa kiume naye anaambiwa, "Kaombe hata kwa kinyozi." Hata! Kana kwamba kazi ya urembo ni ndoo ya kuokotea waliomwagika shuleni. Kana kwamba mtu asiyeweza kitu kingine chochote, hii ataiweza tu.

Jamani, hebu tuulizane. Shuleni ukikosea hesabu unafuta, na ukishindwa kufuta unachana karatasi unaanza upya. Je, ukikosea kichwa cha mtu utakichana?

MIMI MWENYEWE NI MTOTO WA "HATA"

Sisemi kwa kusikia. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa ya kumwonesha mgeni, na shangazi akanichukua mkono kwa mkono hadi saluni moja ya maeneo ya Sinza, hapa hapa Dar. Jina nalihifadhi, maana kosa nitakalolisimulia ni langu.

Miezi miwili ya kwanza nilifagia, nikafua taulo, nikaosha wateja nywele. Mwezi wa tatu nikajiona nimeiva. Ijumaa moja bosi alikwenda Kariakoo kununua vifaa, akaniachia saluni na dada mmoja aliyekuwa anamsuka mtu rasta. Akaingia mteja, msichana mchangamfu, kesho yake alikuwa na kitchen pati. Yake mwenyewe, si ya rafiki! Akataka dawa. Mwenzangu akasema bosi atarudi jioni, lakini mimi nikarukia: "Karibu shosti, kaa hapa."

Basi bwana, nikafungua kopo. Sikumwuliza kitu. Laiti ningemwuliza, angeniambia kwamba usiku wake tu ndiyo alifumua rasta, na amejikuna na kitana mpaka raha. Sikumpaka mafuta ya mgando. Nikaanzia mbele, kwenye vile vinywele laini vya pembeni mwa uso, nikashindilia dawa hadi kwenye ngozi. Na stori ilikuwa imenoga, maana mle ndani mlikuwa na habari ya mtu na mume wa mtu.

Dakika chache baadaye akasema, "Dada, inawasha."

Mimi nikamjibu kama nilivyowasikia wakubwa wangu wakijibu siku zote: "Vumilia kidogo shosti, ndiyo inashika."

Akavumilia. Nilipomwosha aliruka kwenye sinki. Jioni kichwa kilianza kutoa maji, na kesho yake, pale alipotakiwa ang'ae kuliko wote ukumbini, alikaa na kilemba. Bosi alimrudishia hela yake na mimi nikarudishiwa ufagio wangu. Baada ya wiki mbili niliondoka mwenyewe kwa aibu. Ilinichukua muda kurudi kushika kichwa cha mtu, na niliporudi nilianza kwa kujifunza yale ambayo sikuwa nimeyauliza.

DAWA HAISHIKI KWA KUWASHA

Nataka uling'ang'anie hili hata ukisahau mengine yote. Kuwasha si dalili kwamba dawa inashika. Kuwasha ni ngozi inapiga kelele kwamba inaungua.

Wataalamu wana kipimo kinachoitwa pH cha kujua ukali wa kitu cha maji maji. Maji safi yako kwenye 7. Ngozi ya mtu iko kama 5 hivi. Dawa za kunyoosha nywele ziko kati ya 12 na 14. Usidhani 7 na 13 zimepishana kidogo, kwa sababu kila namba moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi. Kutoka 7 mpaka 13 ni mara milioni moja! Dawa nyingi kali zina kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni na wazibuaji wa sinki. Zile za kuchanganya mwenyewe, krimu na kichupa cha maji, nyingi zina kalisiamu badala yake. Haziumi haraka sana kama zile nyingine, lakini nazo ni kali na hukausha nywele.

Kazi ya dawa ni kuingia ndani ya unywele na kuvunja vile viungo vinavyoufanya ujisokote. Vikivunjwa havirudi. Unywele ule utabaki umenyooka mpaka ukatwe. Kwa hiyo nywele zilizokwisha wekwa dawa hazihitaji dawa tena! Kinachohitaji ni ule mzizi mpya ulioota, na nywele zetu huota kama sentimita 1 hivi kwa mwezi. Ndiyo maana inashauriwa kusubiri wiki 8 hadi 10 kabla ya kurudia. Mteja anayekuja kila mwezi na wewe unamfurahia kwa sababu analeta hela, unamkatia nywele polepole bila mkasi.

MASWALI MATANO KABLA YA KUFUNGUA KOPO

Haya nayauliza siku hizi hata kama mteja ni mama yangu mzazi. Yakatilie, uyabandike kwenye kioo.

La kwanza: Mara ya mwisho uliweka dawa lini, na rasta umefumua lini? Aliyefumua jana ngozi yake imevutwa na imechoka. Mwambie aoshe, apake mafuta, arudi baada ya wiki mbili.

La pili: Umejikuna? Una kidonda, mba au mapunye? Usikubali neno lake peke yake, gawa nywele mstari kwa mstari utazame kwa macho yako. Palipo na kidonda hapawekwi dawa. Na mteja wa dawa asioshwe kichwa kwanza wala asikwanguliwe mba siku hiyo.

La tatu: Umepaka rangi au hina? Nywele zilizopakwa rangi zimekwisha pigwa kemikali moja. Ukiongeza nyingine, zinaweza kukukatikia mkononi kama tambi.

La nne: Umewahi kudhurika na dawa au rangi yoyote? Kwa rangi usikisie. Paka tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kisha mteja asubiri saa 48. Pakiwasha, pakivimba au pakitoa malengelenge, hiyo kazi haipo tena.

La tano: Una shughuli gani kesho? Hili nimelitunga mwenyewe na unajua nimelitoa wapi. Mtu mwenye sherehe kesho usimjaribie kitu kipya leo. Bibi harusi anajaribiwa mwezi mmoja kabla.

Ukiridhika na majibu, ndipo uvae glavu. Paka mafuta ya mgando masikioni, kisogoni na kuzunguka uso wote. Anzia nyuma, malizia pembeni mwa uso, maana nywele za pale ni laini na hushika upesi. Tazama saa, na dakika ni zile zilizoandikwa kwenye kopo, si za kukadiria kwa stori. Akisema inawasha, suuza saa hiyo hiyo hata kama umefika nusu. Tumia maji ya uvuguvugu, mengi, kisha shampuu ile maalumu ya kuua dawa. Shampuu nyingi za aina hiyo povu lake hugeuka rangi kama dawa bado imo, kwa hiyo osha mpaka povu liwe jeupe.

Na wewe fundi jihurumie. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Wale waliosema wametumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia. Hiyo haina maana kwamba kila anayeweka dawa ataugua, wala haijathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Lakini kama mteja anaikuta mara 4 kwa mwaka, wewe unayeishika na kuivuta puani kila siku unasubiri nini kufungua dirisha?

MSUSI WA PANADOL

Tusiwaonee wa dawa peke yao. Kuna wasusi wana sifa mjini kwamba "mkono wake mkali, anavuta!" Mteja anatoka macho yamepanda juu kama ameona jini, hawezi kucheka wala kulala ubavu, na akifika nyumbani anameza Panadol. Tumezoea hivyo toka utotoni mpaka tunaona ndiyo usukwaji wenyewe.

Hapana. Vipele vidogo vyeupe vinavyotokea pembeni ya uso baada ya kusuka ni mizizi ya nywele inayolia. Ikivutwa mara kwa mara kwa miaka, inakufa. Ndiyo sababu unawaona dada zetu kipaji kinarudi nyuma kila mwaka, mpaka mwisho wanakuwa watu wa wigi saa zote. Mwanzoni nywele hizo huweza kurudi ukiacha kuvuta. Baadaye hazirudi.

Msusi hodari huacha zile nywele laini za mbele zipumue, habebeshi unywele mwembamba rasta nene, na hamwachi mtu na rasta miezi mitatu. Wiki 6 hadi 8 zinatosha. Na wakati wa kuchovya ncha kwenye maji ya moto, taulo nene liwe mgongoni kwa mteja, na mtoto mdogo asiwe karibu na sufuria.

ANAYETAKA WEUPE KABLA YA PASAKA

Sasa tufike kwenye mtihani wenyewe. Mteja amekaa, anakuonesha picha kwenye simu, anakunong'oneza, "Fundi, nataka niwe hivi kabla ya Pasaka." Hela anayo mkononi. Na wewe unajua duka la kona linalouza makopo yasiyo na maandishi, au unaujua mkorogo wenyewe jinsi unavyochanganywa.

Hapa ndipo fundi anapoachana na mganga njaa. Ndani ya mkorogo mara nyingi huwa na zebaki, au haidrokwinoni, au zile krimu za steroidi ambazo ni dawa za hospitali. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huleta mabaka meusi yasiyotoka, yaani mtu alikimbia weusi akaufuata mwingine mbaya zaidi. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana, huleta chunusi na michirizi, na kidonda kikitokea hakitaki kupona. Vifundo vya vidole vinabaki vyeusi, ndiyo ule utani wa mjini wa uso Fanta, vidole Coca-Cola.

Tena hayo makopo ni haramu kisheria. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu mwaka 2019 wanaosimamia vipodozi ni TBS. Dunia nayo imelisemea kwenye Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliteketea kwa zebaki.

Utamjibuje mteja bila kumfukuza? Usimhubirie. Mwambie hivi: "Dada yangu, weupe siuzi, lakini naweza kukufanya ung'ae." Na kung'aa kupo! Wenzetu wa pwani walijua siku nyingi. Bibi harusi alisuguliwa singo, akapakwa liwa, akafukizwa udi, akatoka ananukia na ngozi laini kama ya mtoto, na hakuna aliyembadilisha rangi.

Tukiwa hapo hapo kwenye harusi, tahadhari na ile piko nyeusi. Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa au nyekundu ya kahawia, haitoi nyeusi ti. Nyeusi ti inayokolea kwa saa moja mara nyingi ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na imewachoma watu malengelenge yenye umbo la ua lile lile lililochorwa.

KITANA CHAKO KIMEPITA KWA NANI?

Vinyozi mpo? Hili lenu na letu sote. Mapunye huhama kwa kitana, mashine na taulo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi siku 7 kwenye kitu kilichoguswa na damu, hata kama damu yenyewe huioni. Kwa hiyo wembe ni mtu mmoja, mara moja, halafu kwenye kopo lenye mfuniko. Hakuna cha "nimeufuta".

Vitana na vibanio vioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, maana dawa haipenyi uchafu. Halafu chukua jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, loweka dakika 10, suuza, kausha. Soma chupa yako, nguvu hutofautiana. Changanya mpya kila asubuhi, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, hewa yake ni sumu. Mashine ya kunyolea haizamishwi, bali inapigwa brashi nywele zitoke, kisha meno yake yanafutwa kwa spiriti kila baada ya mteja, na mteja aone unafanya. Usafi wa kificho haukuletei mteja.

WEWE NDIYE KIBAO CHA SALUNI

Mteja kabla hajasoma bei ukutani, anakusoma wewe. Huhitaji vipodozi vya laki. Asubuhi na usiku osha uso kwa sabuni laini na maji, pangusa bila kusugua, paka mafuta mepesi. Mchana usiogope mafuta ya kuzuia jua ya SPF 30, jua hukoleza mabaka hata kwetu weusi. Usilale na poda na wanja. Usikamue chunusi, na hiyo dawa ya meno unayoipaka juu yake ni ya meno, iache kwenye meno. Foronya na kilemba cha kulalia vifuliwe kila wiki. Kucha ziwe fupi, maana kucha ndefu ndani ya kichwa cha mtu ni uma. Vaa viatu vya chini, utasimama siku nzima. Na mdomo, mwanangu, mdomo! Siri za wateja zifagiwe pamoja na nywele.

UTAJIFUNZIA WAPI, NA HELA IKO WAPI?

Ukiweza, nenda chuo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mafunzo ya fani hii. Na kama umejifunzia mtaani, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani unapimwa kwa unachokijua ukapewa cheti. Vyuo vya watu binafsi vipo vingi, lakini kabla ya kulipa ada uliza usajili, na uombe kuona wanafunzi wakifanya kazi kwa mikono. Chuo ambacho miezi mitatu mnaandika daftarini tu, kimbia.

Ukijifunzia saluni, makubaliano yaandikwe japo kwa kalamu ya risasi. Ni miezi mingapi, utafundishwa nini kila mwezi, nauli ni ya nani, lini utaanza kulipwa. Usikae mwaka mzima na ufagio. Na mazoezi ya kupaka dawa usiyafanye na dawa! Chukua krimu ya kulainishia nywele, mpake mdogo wako kichwa kizima kwa saa mkononi, mstari kwa mstari, bila kugusa ngozi. Ukimaliza ndani ya dakika ulizopangiwa mara kumi mfululizo, ndipo uguse kopo lenyewe mbele ya mkubwa wako.

Hela je? Ipo, lakini ijue. Tuseme kichwa cha dawa unatoza shilingi 20,000. Dawa, shampuu na mafuta vimekula 7,000. LUKU na maji 1,500. Kodi ya kiti ukiigawa kwa wateja 3,000. Umebaki na 8,500, si 20,000! Fundi asiyejua hesabu hiyo hununua gauni kwa hela ya dawa ya kesho.

Na mtu asikuambie kazi hii haina wenyewe. Mwaka 1867, huko Louisiana, Marekani, alizaliwa mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Alikuwa yatima mapema, akafua nguo za watu kwa miaka mingi, na nywele zake zikaanza kunyonyoka. Akatafuta dawa ya kutibu ngozi ya kichwa chake mwenyewe. Dunia ilikuja kumjua kama Madam C. J. Walker. Mwaka 1910 alikuwa na kiwanda Indianapolis, akafundisha wanawake kwa maelfu waende nyumba kwa nyumba, na alipofariki mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa wanawake weusi matajiri kuliko wote Marekani. Alianzia kwenye ngozi ya kichwa, kukiosha na kukitibu, urembo ukafuata.

Kwa hiyo nunua daftari la msimbazi mia. Kichwa cha mtu si daftari, lakini kila kichwa kiwe na ukurasa wake humo: jina, tarehe, dawa gani, dakika ngapi, alilalamika wapi. Mteja akirudi baada ya miezi miwili ukamwambia, "Safari ile kisogoni palikuwasha, leo tutapaacha," huyo hahami tena mpaka anazeeka.

NILIKUTANA NAYE

Nimalizie na hili. Mwaka jana nilikuwa Mwenge nagombania daladala, mtu akaniita kwa nyuma, "Dada wa saluni!" Nikageuka. Ni yeye, yule wa kitchen pati, yuko na mtoto mgongoni. Nikatamani ardhi ipasuke. Nikaanza kuomba msamaha palepale stendi, watu wanatusukuma. Akacheka, akaniambia yaliisha, ndoa ilifungwa na watu walikula.

Kisha akasogeza mtandio kidogo, juu ya sikio la kushoto. Pana mahali padogo, kama sarafu ya shilingi mia, pako laini na panameta. Hapakuota tena.

"Lakini mimi nilikwambia inawasha," akasema.

Hakusema kwa hasira. Daladala ilikuja akapanda, mimi nikaiacha ile nikangoja nyingine.

Basi wewe unayeota kiti na kioo chako, siku mteja atakapokwambia neno hilo usimwambie avumilie. Mkono wako uwe umefika kwenye bomba la maji kabla hajamaliza kusema. Ukiweza hilo, mengine utafundishika.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, na usisahau kufua foronya!